Abeti Masikini: mtoto wa Kisangani aliyehama, na sauti iliyokaa kwenye boksi miaka 43

KISANGANI – Mwezi wa pili 1961, familia moja ya Stanleyville ilipoteza baba. Kati ya watoto alioacha, kulikuwa na msichana wa miaka sita aliyeitwa Elisabeth. Mama aliwakusanya watoto wake, wakaacha mji, wakaenda kuanza maisha upya Kinshasa, ambayo siku zile iliitwa Léopoldville.

Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 19 mwezi wa pili 1973, msichana yule alipanda jukwaa la Olympia, mjini Paris. Alikuwa na miaka 18. Kwenye tangazo halikuandikwa jina la Elisabeth. Liliandikwa jina moja tu: Abeti.

Hapa Kisangani, ukiuliza vijana wa Mangobo au wa Tshopo ni mwanamuziki gani mkubwa alizaliwa katika mji huu, wengi watakujibu Koffi Olomide, aliyezaliwa hapa 1956. Ni kweli. Lakini miaka miwili kabla yake, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 1954, alizaliwa hapa hapa mwanamke aliyefungua njia ya wanamuziki wanawake wa Kongo kwenye majukwaa makubwa ya dunia. Historia ya konseri zake, na ya sauti zilizorekodiwa siku hizo, ni historia ya mtoto aliyekimbia. Kwa hiyo inazihusu pia familia ambazo leo zinalala mbali na nyumba zao.

Baba aliyekufa Bakwanga

Baba yake aliitwa Jean-Pierre Finant. Alikuwa mtu wa chama cha MNC cha Patrice Lumumba. Mwaka 1960, nchi ilipopata uhuru, yeye ndiye aliyechaguliwa kuongoza serikali ya jimbo la Orientale, yaani jimbo ambalo Tshopo ya leo ilikuwa ndani yake. Kwa lugha ya leo, alikuwa gavana wa kwanza wa Kongo huru katika mji huu.

Hakukaa muda mrefu katika kiti hicho. Siasa ya Léopoldville na ya Stanleyville ilipopasuka, Finant alikamatwa. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Mwezi uliofuata, Finant na wenzake kadhaa wa upande wa Lumumba walipelekwa Bakwanga, mji unaoitwa leo Mbuji-Mayi, wakauawa huko. Umoja wa Mataifa ulitangaza majina yao kwa dunia nzima. Wenzake walikuwa wanajeshi na wanasiasa ambao hapa wazee bado wanawakumbuka.

Kwa watu wa siasa, hiyo ilikuwa habari ya wakati. Kwa mama Marie Masikini na watoto wake ilikuwa ni kupoteza baba, nyumba na mji kwa mara moja.

Mji wenyewe haukupumzika baada yao. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuchukua, na mwezi wa kumi na moja mwaka huo wanajeshi wa Ubelgiji waliteremka kwa miavuli. Mwaka 1966 jina la Stanleyville lilifutwa, mji ukaitwa Kisangani. Mwaka huo na uliofuata ukatikiswa na maasi ya wanajeshi wa Katanga na mamluki. Yule aliyeondoka akiwa na miaka sita hangekuta tena mji aliouacha, wala jina lake.

Jina la mama

Kinshasa, Elisabeth alikua akiimba. Kaka yake Abumba alishika gitaa, na tangu mwanzo wawili hao walikuwa kitu kimoja: mmoja anaimba, mwingine anampigia. Mwaka 1971 msichana aliingia mashindano ya vijana wenye vipaji mjini Kinshasa, yaliyoandaliwa na mwimbaji Gérard Madiata. Hakushinda. Lakini kati ya waliomsikia alikuwepo Gérard Akueson, mtu wa Togo aliyefanya kazi ya kutafuta na kusimamia wanamuziki. Akueson ndiye aliyemsimamia pia Bella Bellow, mwimbaji wa Togo aliyekuwa amekwisha kujulikana Afrika Magharibi. Alipomsikia huyu binti wa Kongo, alimchukua. Baadaye akawa mume wake.

Ni wakati ule ule ambapo serikali ya Mobutu ilianzisha siasa ya kurudia uhalisi wa Kiafrika. Majina ya kizungu yakakatazwa. Elisabeth akawa Abeti, na jina la ukoo akachukua la mama: Masikini. Kwa Kiswahili chetu kila mtu anasikia maana yake. Jina la Finant, ambalo wakati mmoja lilikuwa jina la gavana, lilibaki nyuma. Mbele likatangulia jina la mama aliyewalea.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Kinshasa ilikuwa imezoea rumba ya orkestra kubwa: OK Jazz ya Franco, iliyozaliwa 1956, na Afrisa ya Tabu Ley Rochereau. Wanawake walionekana kama wachezaji na wapenzi wa nyimbo, si wakubwa wa orkestra. Abeti alikuja na kitu kingine. Alichanganya rumba na blues, na soul, na nyimbo za kijijini. Watu wa mji mkuu hawakumpokea haraka, na konseri zake za kwanza pale zilikuwa na viti vingi vitupu. Akueson alimtoa nje kwanza, akamzungusha Afrika Magharibi. Huko ndiko alikojifunza kushika umati wa watu ambao hawajui lugha yake.

Kuimba Kiswahili mjini Paris

Olympia ya Paris ni ukumbi ambao Edith Piaf na wakubwa wengine wa Ufaransa walijengea majina yao. Mkongomani wa kwanza kuujaza kwa jina lake alikuwa Tabu Ley, mwezi wa kumi na mbili 1970. Nchi nzima ilijivuna. Zamu ya Abeti ilikuja 1973, akisaidiwa na Pierre Cardin, mshonaji wa mavazi aliyekuwa maarufu duniani kote na ambaye alikuwa na nyumba yake ya disiki.

Disiki kubwa ya kwanza ya Abeti ilitoka mwaka huo huo wa 1973 katika nyumba ya Cardin. Ukisoma majina ya nyimbo zake, mtu wa Kisangani anajikuta nyumbani. Kuna wimbo unaoitwa «Mutoto Wangu». Kuna mwingine unaoitwa «Safari». Kuna «Aziza». Kuna «Bibile», uliokuja kuwa moja ya nyimbo zilizomtambulisha kila mahali.

Jambo hili si dogo. Miaka ile muziki wa Kongo uliosikika nje ulikuwa wa Kilingala. Aliyekuwa akitafuta pesa na jina hakuwa na sababu ya kuimba Kiswahili mbele ya Wafaransa. Abeti aliimba Kilingala, aliimba Kifaransa, lakini lugha ya mji alikozaliwa hakuitupa. Hata uandishi wenyewe, «mutoto» na si «mtoto», ni wa kwetu. Ndivyo tunavyosema sokoni, na ndivyo ulivyochapishwa Paris.

Mwaka 1974 alifika mbali zaidi, akaimba Carnegie Hall, New York. Kabla hajafikisha miaka 20, binti wa familia iliyokimbia Stanleyville alikuwa ameimba kwenye kumbi mbili zinazoheshimiwa kuliko karibu zote za Ulaya na Marekani. Nyuma yake kulikuwa na orkestra yake mwenyewe, Les Redoutables, yaani wa kuogopwa.

Kwa nini konseri si sawa na disiki

Ili kuelewa yaliyofuata, inafaa kukumbuka namna muziki wetu ulivyorekodiwa. Tangu miaka ya 1940, nyumba kama Ngoma, Opika na Loningisa zilirekodi wanamuziki ndani ya studio za Léopoldville. Upande mmoja wa disiki ya zamani ulibeba dakika tatu hivi. Wimbo ulipaswa kuingia humo, upende usipende. Disiki ndogo zilizokuja baadaye ziliongeza nafasi kidogo, na wimbo mrefu ukakatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili.

Lakini kwenye baa na kwenye uwanja, wimbo ule ule uliweza kuendelea robo saa au zaidi. Sebene ilipoanza, magitaa yalijibizana, mwimbaji aliita majina, watu walicheza, na orkestra haikusimama mpaka watu wachoke. Hicho ndicho disiki haikuweza kubeba. Anayejua muziki wa Kongo kwa disiki tu anajua nusu yake.

Kurekodi konseri ni kazi ngumu. Hakuna kurudia. Gitaa likikosea, limekosea. Umeme ukikatika, wimbo umekufa. Maikrofoni zinashika kila kitu pamoja: ngoma, makelele ya watu, upepo. Inahitaji vyombo vizuri na mafundi, na miaka ile vyombo hivyo havikuwepo kwenye viwanja vyetu. Ndiyo maana konseri nyingi za orkestra zetu kubwa zilipotea palepale usiku ulipoisha.

Isipokuwa siku tatu za mwezi wa tisa 1974.

Siku tatu za Kinshasa

Mobutu alikuwa amekubali kugharamia pigano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman. Pamoja na pigano, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini Hugh Masekela na rafiki yake Stewart Levine, Mmarekani, walibuni tamasha kubwa la muziki. Lengo lilikuwa kuwakutanisha weusi wa Marekani na ndugu zao wa Afrika kwenye jukwaa moja. Liliitwa Zaïre 74.

Siku chache kabla, Foreman aliumia juu ya jicho akiwa mazoezini. Pigano likasogezwa hadi tarehe 30 mwezi wa kumi. Lakini wanamuziki walikuwa tayari njiani, na tamasha halikuahirishwa. Tarehe 22, 23 na 24 mwezi wa tisa, uwanja wa 20 Mai, ule unaoitwa leo Tata Raphaël, uliwapokea James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All-Stars, Manu Dibango wa Kamerun na Miriam Makeba wa Afrika Kusini.

Upande wa nyumbani walipanda Franco na OK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, na orkestra ya vijana Stukas. Na Abeti, pamoja na kaka yake Abumba Masikini.

Safari hii vyombo vilikuwepo. Wageni walileta mafundi wa sauti na kamera za filamu, na kanda zikazunguka siku zote tatu. Kwa mara moja, wakubwa wa muziki wetu walirekodiwa jukwaani, mbele ya watu wao, kwa vyombo sawa na vile vya James Brown.

Boksi lililofungwa

Halafu kanda zilinyamaza.

Pesa za filamu zilitoka kwa watu wa Liberia, na baada ya tamasha kukawa na mabishano juu ya nani mwenye mali. Miaka ikapita. Leon Gast, mtengenezaji wa filamu, alihangaika zaidi ya miaka 20. Filamu yake, When We Were Kings, ilitoka 1996 na ikapata tuzo ya Oscar, lakini ilikuwa zaidi filamu ya Ali na Foreman. Mwaka 2008 ilitoka nyingine, Soul Power, juu ya tamasha lenyewe. Humo pia nafasi kubwa waliipata wageni kutoka Marekani.

Sauti za Waafrika zilisubiri hadi 2017. Mwaka huo Masekela na Levine ndipo walipozitoa kwenye disiki mbili, kwa jina Zaire 74: The African Artists. Humo wamo Franco, Tabu Ley, Makeba, Stukas, Abumba na Abeti. Miaka 43 ilikuwa imepita.

Hesabu kidogo inaonyesha hasara. Franco alikufa 1989. Abeti 1994. Makeba 2008. Tabu Ley 2013. Majina manne makubwa ya disiki ile hayakuwahi kuishika mkononi. Masekela mwenyewe, aliyepigania itoke, alikufa mwezi wa kwanza 2018, miezi michache baada ya kuiona.

Na hapa ndipo swali linapokuja Kisangani. Kanda hizo zilirekodiwa katika nchi yetu, zikiwa na sauti ya binti wa mji wetu. Lakini zilitunzwa nje, zikabishaniwa nje, zikatolewa nje. Zilinusurika kwa sababu hazikutupwa. Kama zingebaki kwenye mikono isiyojua thamani yake, leo tungesimuliana tu kwamba Abeti aliwahi kuimba siku hizo.

Shule iliyotembea

Baada ya 1974 Abeti hakupumzika. Alirudi Olympia 1975. Aliitwa chui jike mwenye makucha ya dhahabu, na wasichana waliocheza na kuimba naye wakaitwa Tigresses.

Kazi yake nyingine ilikuwa ya kufundisha, hata kama haikuitwa shule. Mbilia Bel alianza nyuma yake kama muitikiaji, kabla ya kuwa nyota pamoja na Tabu Ley kuanzia miaka ya 1980. Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu, alipiga gitaa katika Les Redoutables kabla ya dunia kumjua kwa jina lake. Hivi ndivyo konseri zinavyoacha urithi ambao hauko kwenye disiki: mtu anasimama nyuma ya mkubwa kila usiku, anaangalia, anajifunza, siku moja anasogea mbele.

Mwaka 1986 wimbo «Je suis fâchée» ulimrudisha juu na kusikika Afrika na visiwa vya Karibi. Mwaka 1988 aliimba Zénith ya Paris, ukumbi wenye nafasi ya maelfu ya watu. Baada ya hapo ugonjwa ukaingia. Tarehe 28 mwezi wa tisa 1994, Abeti alikufa kwa kansa karibu na Paris. Alikuwa na miaka 39. Ilikuwa imepita miaka 20 na siku nne tangu tamasha la Kinshasa lifungwe. Mwili wake ulirudishwa nchini, ukazikwa Kinshasa, mji uliompokea alipokuwa mkimbizi mdogo.

Kinachobaki mtu anapokimbia

Familia zilizotoka Lubunga na vijiji vya ng'ambo ya mto tangu 2023 kwa sababu ya mapigano zinajua kitu ambacho mama Marie Masikini alikijua 1961. Mtu anapokimbia hachagui sana. Anashika watoto, anashika kitambulisho, labda sufuria. Picha zinabaki ukutani. Vitabu vinabaki. Wazee wengine wanabaki. Watu waliopitia vita ya siku sita ya mwezi wa sita 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji huu, nao wanaijua hesabu hiyo.

Lakini wimbo haubaki nyuma. Mama anaimba hapa alipohamia kama alivyoimba kule. Mtoto analala kwa wimbo ule ule. Abeti alitoka Stanleyville bila mali ya baba, ila alitoka na Kiswahili chake, na kikafika Paris.

Tofauti ya leo na 1974 ni kwamba chombo cha kurekodi hakitoki tena Marekani kwa ndege. Kiko mfukoni. Nyimbo za kuvuta kasia, za kilio, za harusi, hadithi za babu juu ya kijiji ambacho watoto hawajakiona tena, vyote vinaweza kuingia kwenye simu ya kawaida kwa dakika chache. Kitakachookoa hizi ni: jina la anayeimba, mahali, tarehe, lugha, na nakala ya pili kwa mtu mwingine, kwa sababu simu huibiwa na huanguka majini. Anayerekodi aombe ruhusa kwanza, na mwenye sauti ajue mali ni yake. Kanda za Kinshasa zilikwama miaka mingi kwa sababu jambo hilo halikuwekwa wazi tangu mwanzo.

Na kwa anayetaka kumsikia binti wa Jean-Pierre Finant akiwa na miaka 19, mbele ya watu wake, bila kurudia na bila kusahihishwa, disiki ya 2017 ipo. Sauti iliyosikika humo ni ya mtoto aliyeondoka hapa na miaka sita.